Mwaka wa Samaki Aliyekataa Kuoza

Béatrice hakunipa hata mkono. Alisimama mlangoni mwa ukumbi na kitenge kipya, wigi jipya na miwani ambayo hakuwa nayo tulipokuwa wasichana, akapaza sauti mbele ya wenzetu wote wa darasa: "Clémence! Ile samaki yako ilioza ao bado?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wale waliokuwa hawajui ni samaki gani. Nikamrukia shingoni. Tulikuwa tumekutana Likasi, mji wetu wa migodi Katanga, sisi tuliomaliza sekondari pamoja, wengine wametoka Kolwezi, wengine Lubumbashi, mmoja amevuka mpaka kutoka Zambia. Kuna waliozeeka vizuri na kuna waliozeeka tu. Mchana kutwa watu walionyeshana picha za wajukuu kwenye simu. Mimi na Béatrice tulijitenga na sahani zetu za bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, tukaongea juu ya uozo, kwa sauti, kwa furaha, huku tunakula. Wanaume wawili waliokuwa meza moja nasi wakabeba sahani zao wakahama.

Watu wakiniuliza niliingiaje katika kazi ya mawe, huwa nawapa jibu fupi: nilikulia Likasi, na Likasi mtu akijikwaa, amejikwaa kwenye jiwe ambalo wengine wamelifuata kutoka mbali. Wanacheka, wanaridhika. Jibu la kweli ni refu na linanuka. Ni mwaka mmoja tu, ule wa mwisho wa sekondari, nilioishi Panda, mtaa wa kambi za wafanyakazi wa kiwanda, kwa Tantine Marceline, mdogo wa mama yangu. Tangu hapo nimeona mengi mazuri, nimezaa, nimefundisha, nimepewa heshima zangu, lakini sijawahi tena kuamka asubuhi na furaha ya namna ile, ya kuvaa viatu huku nakimbia kwenda kutazama kitu kilichokufa.

Tantine aliuza samaki sokoni. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya kambi, ya matofali mekundu, sebule ndogo yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, vyumba viwili, na nyuma jiko na depo. Depo ndipo alipoweka mali yake: makayabu, yaani samaki wa chumvi, au munyu kama tunavyosema kwetu, wamelala mmoja juu ya mwingine, samaki wa moshi ndani ya vikapu, ndakala, dagaa wakavu, ndani ya magunia. Harufu ilianzia mlango wa mbele ikafika hadi kwenye mto wangu wa kulalia. Tantine alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni uozo. Alinusa kila kitu, samaki, maziwa, nguo zetu za shule, hata maneno ya watu. "Hii habari inanuka," alikuwa akisema jirani akianza umbeya, kisha anavuta kiti karibu ili asikie vizuri.

Mwaka ule biolojia tulifundishwa na Prof Kazadi, kijana mwembamba wa asili ya Kasai, ambaye alikuwa akiingia darasani anaongea tayari, ungedhani somo lilianzia barabarani. Siku moja alibandika ubaoni picha aliyoikata katika gazeti. Ilikuwa picha ya jiwe, na ndani ya jiwe kulikuwa na samaki. Hilo halikutushangaza, mifupa ya samaki ndani ya mawe tulishaisikia. "Songeeni," akasema. Tukasonga. Samaki yule alikuwa na ngozi. Alikuwa na tumbo, na ndani ya tumbo ulionekana weusi wa chakula alichomeza kabla ya kufa. Pembeni kulikuwa na picha nyingine, ya mnyama wa baharini ambaye mwili wake wote ni uji mtupu, hana mfupa, hana gamba, na yeye pia amekaa ndani ya jiwe na nyuzi zake zote zikining'inia. "Mfupa kubaki, sawa, mfupa ni mgumu," Prof akasema. "Lakini uji? Nani ataniambia uji ulibakije?" Mimi nilisogea hadi pua ikakaribia kugusa picha, na sijui hata leo kwa nini mimi na si mwingine.

Akatueleza kwamba ni mbio. Kitu kikifa tu, vijidudu vinaanza kula, na nyama haiwezi kungoja. Ili ibaki lazima ifunikwe haraka, na tope laini, mahali pasipo na hewa, kisha madini yaliyomo ndani ya maji yaingie na kushika umbo la nyama kabla walaji hawajamaliza karamu. Mara nyingi sana walaji wanashinda. Mara moja moja, mahali pamoja pamoja, jiwe linashinda. Kengele ikalia, wenzangu wakatoka, mimi nikabaki nimeganda mbele ya ubao. "Prof," nikamwuliza, "muntu anaweza kuona hii mbio na macho yake?" Akacheka. "Jiwe lenyewe hutaliona, litakuomba miaka ambayo huna. Lakini mwanzo wa mbio, ndiyo. Chukua samaki, chukua matope, chukua chupa."

Samaki! Mimi, ninayelala na samaki! Nilikimbia hadi Panda bila kusimama. Lakini nilipofika nyuma ya nyumba nilisikia sauti sebuleni, na kwa ukuta ule mwembamba wa kambi hakuna siri. Alikuwa Ma Sœur Léonie, mtawa aliyesimamia shule ya wauguzi, na maneno yalikuwa juu yangu. "Clémence eko mutoto ya mikono safi," Tantine alikuwa anasema. "Akimaliza masomo, munikamatie nafasi yake." Ma Sœur akajibu kwamba nafasi ipo, atarudi baada ya Pasaka kuchukua jibu la mwisho. Nikakaa juu ya gunia la makaa. Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nimemwambia Tantine kwamba nataka kwenda Lubumbashi, chuo kikuu, na yeye alikuwa akinijibu kwa kuniongezea bukari kwenye sahani. Ruhusa ilikuwa yake. Bila yeye nisingefika hata stendi.

Jioni hiyo, tukiwa tunakula, nikatoa picha ya samaki niliyomwomba Prof, nikaiweka kati ya bakuli la mboga ya lengalenga na bakuli la samaki. Tantine akaitazama muda mrefu, akanawa mikono, akaitazama tena. "Hii iko na ngozi."

"Ndiyo, Tantine."

"Siku ngapi?"

"Mamilioni ya miaka, Tantine."

Akaniangalia namna alivyokuwa akiwaangalia wachuuzi wa mto Lufira wanaoapa kwamba samaki amevuliwa alfajiri. "Clémence, minye nauzishaka samaki tangu weye hauyazaliwa. Ukiiacha mu jua, asubuhi mpaka saa sita, bantu banakimbia. Weye unaniambia miaka?" Nikamweleza mbio, tope, madini, na kwamba mawe ya namna hii ndiyo nataka kwenda kuyasoma Lubumbashi, nikaeleza vibaya kwa sababu nilikuwa naongea haraka, maneno yakigongana. Akaninyamazisha na kijiko. "Bon. Minye siko muntu ya kukataa bila kuona. Nionyeshe samaki yenye kukataa kuoza bila munyu na bila moshi. Ukinionyesha, utaenda kwa mawe yako. Ukishindwa, unaenda kwa Ma Sœur na hautanisumbua tena. Twasikilizana?" Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, na usiku ule sikupata usingizi kwa furaha, mjinga mimi, kana kwamba nimeshashinda.

Béatrice nilimwingiza kwa nguvu. Baba yake alifanya kazi kiwandani, naye alijua kila uchochoro nyuma ya karakana za zamani. Tulikwenda pamoja na ndoo kuchota tope kwenye mfereji unaopita kule, tope laini, zuri, la kijani, halafu tukachota na maji pale pale, kwa sababu mabomba ya kambi yalikuwa makavu juma lile. Tukachukua chupa za mdomo mpana, zile za mayonezi, tukaweka samaki wadogo wabichi: mmoja ndani ya tope zito, mmoja ndani ya mchanga tulioulowesha, na mmoja ndani ya maji matupu, wa kulinganisha, yaani yule anayepaswa kuoza ili tujue wengine wamenusurika. Chupa tukazificha depo, nyuma ya makayabu. Béatrice alicheka mpaka akakaa chini: nani atasikia harufu ya samaki kwa mama wa samaki?

Basi hakukuwa na harufu! Siku zikapita, nikawa nachungulia kabla ya shule na baada ya shule, na samaki wangu wako vile vile. Tope, mchanga, maji, wote wazima, magamba yao yamekaa, macho yao yananiangalia. Nilimvuta Tantine kwa mkono. Akafungua chupa, akanusa. Akanusa tena. Akamtoa mmoja, akambonyeza na kidole gumba, kidole ambacho sokoni kote kilikuwa kinaogopwa. "Eh!" akasema. "Eh, mama yangu!" Akanirushia kitenge chake kichwani, akacheza ndani ya depo kati ya magunia, na mimi nikacheza naye. Kesho yake soko zima lilijua kwamba mutoto ya Mama Marceline eko na samaki yenye haiozaka, bila munyu, bila moshi. Wanawake wa kwaya ya kanisa walikuja kuangalia. Tantine alikuwa anawafungulia mlango wa depo mwenyewe na kusimama pembeni na mikono kiunoni, na mimi nilimsikia akimwambia mmoja wao, kwa sauti ya chini, kwamba pengine mawe si mabaya kama alivyodhani.

Nikampelekea Prof chupa zote, ndani ya kikapu, Béatrice akishika upande mmoja. Aliziweka mezani, akazizungusha, akawa anatabasamu, kisha tabasamu likasimama. "Yupi hana tope?" Nikamwonyesha. "Na huyu hajaoza?" Hajaoza, nikasema kwa majivuno. "Maji mulichota wapi?" Béatrice akamjibu kwa majivuno makubwa kuliko yangu. Prof akashika ukuta. Alicheka, lakini kicheko cha mtu anayetuhurumia, kisha akang'oa msumari kwenye dawati bovu, akausugua na mchanga, akautumbukiza ndani ya chupa ya maji. Tukangoja huku anasahihisha madaftari. Alipoutoa, msumari ulikuwa umevaa koti jekundu la shaba.

Watoto wa Panda, wa chini ya kiwanda cha shaba! Ni sisi tu tungeweza kukosea hivyo. Mtoto wa mahali pengine angeona tope la kijani angeuliza lina nini. Sisi tulikua nalo, tulilichezea, tulilitoa kwenye viatu kila Jumapili kabla ya misa. Kwetu tope ni la kijani na basi. "Shaba imeua walaji wote," Prof akasema. "Hapa hakuna mbio. Na shaba iliyo ndani ya maji, Clémence, unajua mkemia anaiita nini? Chumvi. Ni chumvi ya shaba." Bila munyu, Tantine alisema. Bila munyu.

Na hapo ndipo Prof aliniambia kitu ambacho kimenilisha maisha yangu yote. Akasema hata ningeziacha chupa zile miaka elfu, labda samaki wangu wasingegeuka jiwe, kwa sababu ili kugeuka jiwe unahitaji walaji. Ndiyo, wale wale! Wakiwa wanakula, wanabadilisha maji yanayouzunguka mwili, wanamaliza hewa, wanaachilia vitu vilivyokuwa ndani ya nyama, na vitu hivyo vinaweza kuganda pale pale, juu ya ngozi, juu ya utumbo, hata juu ya vijidudu vyenyewe. Anayekuharibu ndiye anayekuchora. Nilikuwa nalia kwa sababu nimeshindwa, na papo hapo nilitaka kuruka juu ya meza. Mawe ya kwetu Katanga, nilikuja kujua baadaye, mengi ni ya zamani kuliko samaki wa kwanza. Nimeyapasua kwa nyundo miaka yote na sijawahi kukuta hata pezi moja. Lakini nimekuta walaji. Matandiko yao yaliyogeuka jiwe, tabaka juu ya tabaka, membamba kama karatasi, kutoka nyakati ambazo walikuwa peke yao na hawakuwa na mnyama wa kula. Kila nikiyaona nawasalimu.

Kaka yake Béatrice alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Koni, kwenye mto Lufira, na aliporudi nyumbani alituletea, ndani ya gari la wafanyakazi, ndoo ya udongo mfinyanzi wa Lufira na galoni ya maji ya mto. Tantine alipokea ndoo akidhani ni zawadi ya samaki, akafunua, akafunika. Nikapanga chupa nyingine, bila tope la kijani, chache, haraka, kwa sababu Pasaka ilikuwa imepita na Ma Sœur alikuwa anakuja. Safari hii harufu ilikuja. Mama wee, ilikuja! Hata depo ya Tantine haikuweza kuificha, ikabidi nizihamishie chini ya mti wa mapapai, nimezifunga na nailoni. Samaki wa maji matupu aligeuka mchuzi. Wa udongo sikuthubutu kumfungua, nilitaka apate kila siku ambayo ningeweza kumpa.

Ma Sœur alikuja Jumapili, baada ya misa. Tantine alikuwa amepika kuku, bukari nyeupe, sombe yenye mafuta mengi, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, alikuwa ameweka zile chupa za kwanza, za kijani, amezifuta zinang'aa. Tulizirudisha depo kutoka kwa Prof, lakini sikuwa nimemwambia Tantine kosa letu. Kila jioni nilitaka kumwambia na kila jioni alikuwa na mgeni depo. Prof alikuwa amealikwa pia, akakaa anaangalia kuku wake. "Ma Sœur," Tantine akaanza, "minye niliahidi huyu mutoto. Nilimwambia bila munyu, bila moshi. Angalia weye mwenyewe." Ma Sœur akainama, akavaa miwani, akasema ni ajabu ya Mungu. Tantine akanigeukia, uso wote umefunguka, na nikajua kwamba sentensi inayofuata ndiyo ruhusa yangu. Nilikuwa nayo. Ilikuwa imefika mdomoni mwake.

"Tantine, iko munyu ndani," nikasema.

Kijiko chake kikasimama. Nikasema yote, mfereji, maji, msumari, chumvi ya shaba, na nilipomaliza kuku alikuwa amepoa. "Kwa hiyo," Tantine akasema polepole, "ulifanya makayabu."

"Ndiyo, Tantine. Makayabu ya shaba."

"Na minye nimeita bantu ya kwaya nzima kuangalia makayabu. Minye! Mama ya makayabu!" Ma Sœur akakohoa ndani ya kitambaa. Sijui kama alikuwa anacheka. Tantine hakucheka. Akanikazia macho mpaka nikatamani ardhi ifunguke. "Na ile chupa yenye kunuka kule inje, yenye unafikiri minye siijue? Ileta."

"Tantine, bantu bako ku chakula..."

"Ileta, nakuambia!"

Nikaileta. Nilipofungua nailoni Ma Sœur alifika mlangoni kwa hatua ambazo sikujua watawa wanazo, na Prof akakimbilia dirishani. Tantine hakusogea. Akakunja mikono ya blauzi yake ya misa, akamwaga udongo juu ya sinia, akaupasua kwa kisu cha mkate, taratibu, namna anavyopasua samaki wa bei. Udongo ukafunguka vipande viwili. Nyama haikuwepo, ilikuwa imekwisha, ute mweupe tu. Nikafumba macho. Nikasikia Tantine anasema, "Ngojea." Nikafumbua. Juu ya udongo kulikuwa na mstari mwembamba, wa kahawia, umefuata mgongo mzima hadi mkia, na mwanzoni mwa mstari, doa jeusi, la mviringo, safi, jicho. Hakuna samaki, lakini jicho liko. Prof alirudi bila kujua kwamba amerudi. Ma Sœur akachungulia juu ya bega la Tantine, na kitambaa puani. Sisi wote wanne tuliinama juu ya sinia lile, na kuku akasahaulika kabisa.

"Hii haikukataa kuoza," Tantine akasema.

"Hapana, Tantine. Nimeshindwa."

"Sikukuuliza hiyo." Akaweka kidole chake gumba kando ya jicho, bila kuligusa. "Ngozi imeoza. Nyama imeoza. Jicho, kitu ya kwanza yenye inaharibikaka ku samaki, njo ya kwanza minye naangalia ku soko, hii haikuoza. Juu ya nini, kwa sababu gani?"

Nikamwangalia Prof. Prof akatikisa kichwa. "Sijue, Tantine," nikasema.

"Nani anajua?"

"Ku Likasi, sizani. Pengine ku Lubumbashi."

Akanawa mikono, muda mrefu, na sabuni, akaikausha kidole kwa kidole. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Ma Sœur, ile nafasi mupatie mutoto mwengine. Pardon, nimekusumbua bure." Na kwangu, bila kuniangalia, akiwa tayari anapasha kuku moto: "Utaenda kuuliza. Lakini urudie uniambie."

Nilirudi mwaka wa pili wa chuo, na begi mgongoni, moja kwa moja kutoka stendi hadi sokoni, nikapita katikati ya wanunuzi nikimpigia kelele kwamba ni rangi, Tantine, weusi wa jicho ni rangi ambayo walaji hawawezi kuitafuna upesi, ndiyo maana! Mstari wa watu mbele ya meza yake ulikuwa mrefu, na mama mmoja alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua samaki wake. Tantine akamrudisha samaki mezani, akajifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kiti. "Mungojee kwanza, bamama," akawaambia. "Minye na mutoto wangu tuko na mambo ya jicho."